Mama Taipu na Mkataba wa Chumba Kimoja

Mama Taipu hampi mtu karatasi yake mpaka amsikie akiieleza kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimletea mkataba ataupiga chapa, atakusomea, kisha atakukalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na meza yake na kukuuliza, "Haya, niambie umekubali nini." Kama mko wawili, mmoja anatoka nje asubiri barazani, asije akamsaidia mwenzake kujibu au kumkonyeza. Wapo wanaocheka. Wapo wanaokasirika na kusema kwamba wamekuja kuchapiwa, hawakuja kufanya mtihani. Yeye hajibizani nao. Anaiweka karatasi chini ya kiganja na kusubiri, na kiganja chake ni kizito.

Nayajua haya kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja miaka mingi. Mimi ni fundi wa mabegi na zipu. Chumba chetu kiko chini ya ghorofa ndogo, na zamani kilikuwa stoo ya rangi. Ukutani upande wangu bado kuna madoa ya kijani ambayo tumeyapaka chokaa mara kadhaa na yanarudi. Dirisha ni moja, linatazama barabarani, na hilo ni lake kwa sababu kazi yake inataka mwanga. Mimi nakaa nyuma na cherehani yangu, mabegi ya shule yakining'inia juu ya kichwa, na masanduku ya safari yaliyong'oka magurudumu yakiwa yamepangwa kando ya mlango. Soketi ya umeme nayo ni moja. Printa yake ikifanya kazi, feni inapumzika, na sisi tunatoka jasho pamoja.

Hatukujuana kabla ya hapo. Kila mmoja wetu alikwenda kwa mwenye nyumba, ambaye sasa ni marehemu, akitaka nusu ya chumba, na mzee hakutaka kubaki na nusu isiyo na mtu. Akatuambia tukae wote, tutajuana humo humo. Hapakuwa na maandishi. Mimi nilimwita dada tangu siku ya kwanza kwa kuwa amenizidi umri kidogo, na yeye akaniita fundi, basi.

Mimi si msemaji. Mteja akileta begi, namwambia litakuwa tayari lini na kwa kiasi gani, na hapo huwa nimemaliza. Kwa hiyo nilimsikiliza yeye. Nilijua kwamba alianza kazi akiwa msichana katika ofisi kubwa, chumba kizima cha wapiga taipu wakigonga kwa wakati mmoja hadi mtu akitoka nje anaendelea kusikia. Nilijua kwamba ofisi ilipoleta kompyuta waliwaruhusu baadhi yao waondoke na mashine zao za zamani badala ya kiinua mgongo cha maana, na kwamba mashine hiyo ndiyo iliyomlea binti yake baada ya baba wa mtoto kufariki. Binti sasa ni muuguzi, anaishi mji mwingine, ameolewa. Mashine iliisha vipuri. Mama Taipu akanunua kompyuta iliyotumika, lakini anaipiga kwa nguvu ile ile, na kila baada ya muda inabidi abadilishe kibodi.

Watu wengi wa mtaani wanafikiri kazi yake ni kugonga herufi. Kazi yake hasa ni kuhakikisha mtu hasaini asichokijua. Na katika yote anayoyachapa, kuna maneno fulani ya Kiingereza ambayo akiyafikia vidole vyake vinapunguza mwendo, kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Ni "jointly and severally". Mimi niliishia shule ya msingi, lakini maneno hayo nayatambua kwa sura hata yakiwa yameandikwa kichwa chini, maana nimeyaona sana kwenye karatasi zake zilizoharibika, ambazo ananipa nijazie ndani ya mabegi yasinyong'onyee yakiwa yametundikwa.

Alifundishwa na wakili wa ghorofa ya juu, mtu mpole anayempa kazi zake za kuchapa. Mwanzoni alikuwa akiyachapa kama watu wengine, kwa mazoea. Siku moja alifupisha, akaacha neno la kwanza tu, akidhani la pili ni pambo. Wakili alishuka mwenyewe, akavuta kiti, akamweleza bila kumfokea. Akamwambia, ukiandika la kwanza peke yake, mzigo ni mmoja na wote mtaitwa pamoja mkaubebe. Ukiandika la pili peke yake, kila mtu na fungu lake, akimaliza lake anakwenda zake. Ukiyaandika yote mawili, mzigo ni mmoja, mmeubeba wote, lakini mwenye haki anaweza kumshika yeyote kati yenu na kumtaka aubebe mzima. Huyo akishaubeba ndipo ageuke kuwatafuta wenzake. Tangu siku hiyo Mama Taipu hakuyagusa tena maneno hayo kwa mazoea. Kwa Kiswahili anaandika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", na anayaweka jirani kabisa na majina ya wale wanaojifunga. Mteja mmoja aliwahi kumwomba ayaweke na kwenye kipengele cha upande wa pili, kwa sababu yanaupa mkataba uzito. Akamwambia, "Hili si ua la kuchomeka kila mahali, baba. Hili ni kamba. Lazima nijue namfunga nani."

Wakaja wanaume watatu wenye bustani za mboga. Chama chao kilikuwa kinawaazima pampu ya maji kwa msimu mzima, na katibu wa chama alikuwa ameandika maneno hayo kwenye rasimu. Mama Taipu akachapa, akasoma, akawatoa wawili nje. Wa kwanza, kijana mchangamfu, akaeleza kwamba pampu ikiharibika yeye atawajibika kwa theluthi yake.

"Theluthi ipi?" akamuuliza. "Ya mpira, ya injini, au ya tangi?"

"Aa, mama, namaanisha kwa hesabu."

"Theluthi ya pampu haivuti maji, mwanangu. Chama kinaweza kuja kwako wewe tu, saa umekaa unakula na mkeo, kikataka pampu nzima."

Kijana akainuka. Akachungulia dirishani, akawatazama wenzake waliokuwa barazani wakicheka na dada anayeuza vocha za simu pale nje chini ya mwavuli, akawatazama kwa muda kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yule mwembamba anamjua tangu wakiwa wadogo, na hawezi kujifunga naye. Hakusaini. Wale wengine walimlaumu Mama Taipu kwamba amewavunjia safari, na dada muuza vocha akadakia kutoka kwenye mwavuli wake kwamba mama huyu angekuwa mshenga, mji mzima ungebaki makapera. Mama Taipu alicheka hadi akafuta machozi. Baadaye aliniambia kwamba ni afadhali mtu akimbilie nje ya mlango wetu kuliko akimbie pampu ikiwa imeshaungua.

Huyo dada muuza vocha alikuwa na sisi hivyo hivyo kila siku. Chumba kimoja, feni moja, mlango mmoja, alikuwa akihesabu kwa vidole, halafu anamuuliza Mama Taipu ni kitu gani kingine wanachosubiri hawa. Mama Taipu alimwambia auze vocha. Mimi nilikuwa nainamia zipu yangu.

Kisha macho yake yakaanza. Kwanza nilidhani ni miwani. Alikuwa anageuza kichwa upande ili aione karatasi, kama kuku anayeangalia punje. Kuchapa hakukumpa shida, vidole vyake havijawahi kuhitaji macho, lakini kusoma rasimu za watu kulimchosha, na wateja walianza kupokea barua zenye mstari ulioruka. Alikwenda hospitali akarudi na chupa mbili ndogo za dawa ya matone. Aliniambia kwa kifupi kwamba ni presha ya macho, jicho la kushoto halitarudi, na la kulia wanajitahidi kulichelewesha. Akasema hivyo, akawasha printa, feni ikazima.

Mwaka huo huo mwenye nyumba akafariki. Binti yake aliyerithi jengo anaishi mbali sana na hapa, ni mtu mwenye adabu, akataka kila mpangaji awe na mkataba wa maandishi, kwa Kiingereza, kupitia wakili yule yule wa juu. Na wakili, kama kawaida yake, rasimu zote akamletea Mama Taipu azichape. Kwa hiyo mkataba wa chumba chetu aliuchapa mwenyewe, na majina yetu mawili yalikuwa yameandikwa kwa kufuatana. Nilimsikia vidole vikipunguza mwendo. Nikajua amefika wapi. Safari hii havikuendelea.

Hakuniambia kitu siku hiyo. Siku chache baadaye alikwenda kliniki, nami nikiwa peke yangu akaingia fundi seremala, na futi mkononi na penseli sikioni. Nje alikuwa ameegemeza mbao za plaiwudi. Akaniomba nisogeze masanduku ili apime.

Nikamuuliza anapima nini.

"Ukuta, bosi. Mama kaagiza. Kutoka dirishani hadi huku, kisha mlango unatobolewa hapo nyuma, kila mtu na kwake." Akavuta futi juu ya cherehani yangu. "Hukuambiwa?"

Nilimwambia nimeambiwa. Nikamshikia ncha ya futi apime vizuri. Sikujua la kufanya lingine.

Mchana simu ya Mama Taipu ililia, alikuwa ameisahau mezani, na kwa kuwa jina lilikuwa la binti yake nikapokea. Aliniamkia, akaniita mjomba kama anavyoniita siku zote. Ndiye aliyenieleza. Mama yake alikuwa ameomba mikataba miwili badala ya mmoja, na mwenye nyumba amekubali mradi chumba kigawanywe. Anaogopa kwamba macho yakiisha na yeye akashindwa kodi, mzigo wote wa chumba utaniangukia mimi, na mimi ni mtu wa kunyamaza, nitalipa bila kusema. Binti alisema angependa zaidi mama aache kazi kabisa ahamie kwake, lakini hataki kusikia. Anasema akikaa bila kugonga kitu vidole vinamuuma. "Mjomba, ongea naye," akaniambia. "Wewe anakusikiliza." Nikasema sawa. Nilipokata simu nilikaa nikijiuliza ni lini Mama Taipu alinisikiliza, maana sikumbuki kuwa niliwahi kusema kitu cha kusikilizwa.

Aliporudi alimkuta seremala ameshachora mstari wa penseli sakafuni, katikati yetu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilitaka kuongea. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri nikiwa peke yangu, lakini alipokaa yakatawanyika yote. Kwa hiyo nilichukua kitambaa kibichi, nikapiga magoti, nikaanza kufuta mstari.

"Fundi, unafanya nini?"

"Nafuta."

"Huo ukuta ni kwa faida yako."

"Dada, chapa ule wa kwanza," nikamwambia. "Ule wenye maneno yako."

Akasema sielewi ninachokiomba. Nikasema naelewa. Akasema kila mtu anayekaa kwenye kiti kile cha plastiki husema anaelewa. Nami nikamwambia basi anikalishe. Tukafika mahali pagumu, kwa sababu utaratibu wake unataka mwenzako awe nje, na mwenzangu ndiye msikilizaji. Seremala, ambaye alikuwa bado amesimama na msumeno wake, akauliza kama anaweza kwenda kunywa chai kwanza.

Tulimwita wakili. Alishuka na kikombe chake mkononi, akakaa kwenye kiti cha Mama Taipu, na mwenye kiti akatoka nje kukaa barazani na dada muuza vocha. Sijawahi kuongea na wakili zaidi ya salamu. Nikafuta viganja kwenye aproni. Akanisomea rasimu kwa Kiswahili, kisha akaniuliza kwa upole nimekubali nini.

Nikamwambia kwamba siku dada akiwa hayupo, au yupo na hawezi, mwenye nyumba akibisha hodi mimi ndiye nitakayefungua, wala sitamwambia asubiri nimtafute mwenzangu. Sitasema nusu yangu nimeshaleta. Chumba chote kitakuwa changu kukibeba, kodi yake na kila kitu chake, na ikitokea mimi ndiye nisiyeweza, ni hivyo hivyo kwake.

"Na hali ya macho yake unaijua?"

"Naijua."

"Hulazimiki, fundi. Mwenye nyumba ameridhia mikataba miwili. Kwa nini uchague ulio mzito?"

Wakili akanywa chai yake taratibu, akanipa nafasi.

"Kabla ya hapa nilikuwa na chumba changu peke yangu, upande wa sokoni," nikasema. "Nililipa fungu langu, hakuna aliyenidai cha ziada. Nikaugua humo homa hadi nikawa siwezi kusimama. Hakuna aliyegonga mlango, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja na mimi. Hapa nikichelewa kidogo tu asubuhi dada anapiga simu. Anasema nimechelewesha ufunguo, lakini ufunguo mwingine anao yeye."

Wakili aliweka kikombe mezani. Nje mtu akasogea karibu na ukuta. Ndipo nilipokumbuka kwamba dirisha lilikuwa wazi.

"Hajasema paa," ikaja sauti ya Mama Taipu kutoka barazani. Ilikuwa imekwaruza kidogo. "Kipengele cha nne. Kuvuja kwa paa la kibaraza ni juu yetu."

"Na paa," nikasema.

"Na paa," wakili akarudia, akacheka, akaniambia nimefaulu.

Kisha nikatoka mimi, akaingia yeye. Kwa kuwa dirisha halikufungwa na mimi niliyasikia ya kwake. Mengi nayaacha humo. Alieleza kila kipengele kama anayesoma, bila kukosea. Alipoulizwa kwa nini alitaka ukuta, akajibu, "Nilitaka kumtua mzigo. Sikumuuliza kama ulikuwa unamwelemea." Dada muuza vocha akanigonga bega na kijitabu chake cha vocha, akageuka kana kwamba kuna mteja, na hakuwepo.

Aliumalizia kuuchapa, tukausaini mchana ule. Nilimwekea kidole mahali pa kuanzia, kwa sababu hakuwa anauona mstari vizuri, na yeye aliandika jina lake lote bila kuutoka. Seremala alirudi kutoka kwenye chai akataka kujua plaiwudi atafanyia nini. Tukamwambia atengeneze benchi la wateja. Akasema ni kazi ndogo kuliko aliyoahidiwa, akaifanya kwa kununa, lakini benchi ni imara.

Basi nilidhani mzigo niliojitwika ni wa kodi. Hadi leo Mama Taipu hajawahi kukosa sehemu yake hata mara moja. Kilichokuja kunifikia ni kingine. Jicho la kulia nalo lilififia, na asubuhi moja mama mmoja alileta barua aliyoiandika kwa mkono, ya kuomba mwanawe ahamishiwe shule ya karibu. Mama Taipu aliisogeza hadi puani, akaigeuza huku na huku, akairudisha mezani. Yule mama akaanza kuchukua pochi yake, akasema labda atapita siku nyingine. Nilijua hatapita.

Nikaacha cherehani. Nikaichukua ile barua nikaanza kuisoma kwa sauti, mbele ya mgeni, mimi ambaye hata darasani mwalimu alikuwa akiniruka. Sauti ilinitoka nyembamba, ikakatika, nikakohoa, nikarudi mwanzo wa mstari. Mama Taipu hakugeuka. Aliweka vidole mahali pake na kusubiri. Nilipopata sentensi nzima, akaichapa. Nikasoma nyingine. Penye maneno ya Kiingereza nilimtajia herufi moja moja. Tulipofika mwisho alimkalisha yule mama kwenye kiti cha plastiki na kumuuliza anaomba nini, na mama akajibu huku akinitazama mimi, kwamba anaomba mtoto asivuke ile barabara kubwa.

Ndivyo tunavyofanya sasa. Zipu nazishona asubuhi na jioni, katikati nasoma. Nimesoma wosia, malalamiko ya majirani, barua za mapenzi mbili na mikataba isiyo na idadi, na sasa sauti inanitoka bila kunidai kikohozi. Ilizidi hata kiasi, mpaka dada muuza vocha akatupigia kelele kutoka kwenye mwavuli wake kwamba tufunge dirisha, siri za watu zinamfikia huku, na yeye mdomo wake anaujua. Tukifunga dirisha joto linatuua. Kwa hiyo nimehamishia kiti changu upande wa Mama Taipu, bega kwa bega, ambapo naweza kusoma polepole na yeye pekee akasikia.